Umelenga Zohali ukaona duara lenye tundu: kutatua matatizo ya kutambua sayari kwa darubini ndogo, Lubumbashi

Mtu ametoa darubini mpya uani, amelenga nukta inayong'aa kuliko zote, na ndani ya lenzi ameona duara kubwa jeupe lenye tundu jeusi katikati. Anaita watu wa lupango wote waje waone pete za Zohali. Ile si Zohali, wala si sayari yoyote: ni nyota ambayo haijawekwa kwenye fokasi, na tundu lile ni kivuli cha kioo kidogo kilichomo ndani ya darubini yenyewe.

Kosa hili linafundisha utaratibu wa kazi nzima. Kwanza hakikisha chombo kinafanya kazi, kisha kagua hewa unayotazama kupitia, na jina la sayari liwe la mwisho. Anayeanza na jina huona anachotaka kuona.

Maelezo haya ni ya darubini zinazopatikana kwa urahisi: za lenzi zenye kipenyo cha milimita 60 au 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700, na za vioo zenye 76/700 au 114/900. Namba hizo mbili zimeandikwa kwenye mwili wa darubini, karibu na mahali pa kuweka jicho. Kikopo kidogo chenye lenzi unachochungulia tutakiita okulari.

Duara kubwa, lenye tundu au lisilo na tundu

Zungusha gurudumu la fokasi polepole upande mmoja. Duara likizidi kupanuka, rudi upande wa pili. Litapungua, litapungua, na sasa uangalie kwa makini, maana hapa ndipo jibu lilipo. Nyota itaendelea kupungua hadi iwe nukta kali isiyo na upana. Ukipita hapo, itaanza kupanuka tena. Mshtarii au Zuhura itapungua kisha itakataa kupungua zaidi: inabaki kidonge chenye kingo zake, na kingo hizo huwa kali mahali pamoja tu. Rudia mara tatu, kwenda na kurudi. Kinachofika kuwa nukta ni nyota, hata kama kinang'aa namna gani (Mirihi ikiwa mbali ina hila yake, tutaifikia chini). Kinachobaki na upana ni sayari.

Kwenye darubini ya lenzi duara la nje ya fokasi halina tundu, ni sahani iliyojaa mwanga, na kwa sababu hiyo hudanganya zaidi. Jaribio ni lile lile.

Giza tupu

Vua kifuniko chote cha mbele, si kile kifuniko kidogo cha katikati peke yake. Vifuniko vingi vina tundu dogo lenye kizibo. Ukivua kizibo tu, unaacha mwanga mwingi nje. Kisha angalia umeweka okulari gani. Kwenye boksi huwa kuna ya milimita 20 au 25 na nyingine ya 10 au hata 4. Anza na yenye namba kubwa, siku zote, kwa sababu ndiyo inayoonyesha sehemu pana ya anga.

Kama bado ni giza, kosa liko kwenye kilengeo, ile darubini ndogo au nukta nyekundu iliyo juu ya mwili. Kilengeo kilichotoka kiwandani hakijalingana na darubini, na usiku si wakati wa kukilinganisha. Fanya kazi hiyo mchana, Jua likiwa mgongoni mwako. Chagua kitu kilicho mbali, kilometa moja au zaidi: shemine ya Gécamines ni shabaha nzuri kwa sababu inaonekana kutoka mitaa mingi, na ncha yake ni nyembamba. Weka okulari ya milimita 20, iweke ncha ya shemine katikati ya picha, kaza skrubu za stendi, ndipo ukazungushe skrubu za kilengeo hadi msalaba au nukta yake ikae juu ya ncha ile ile. Badilisha okulari, weka ya 10, rekebisha tena. Ukutani kwa jirani, mita 20 kutoka ulipo, haifai: kilengeo na darubini vimepishana sentimita kadhaa, na kwa umbali mfupi tofauti hiyo inaharibu hesabu.

Fokasi haifiki hata nikizungusha gurudumu hadi mwisho

Kwenye darubini ya lenzi, karibu kila mara ni kwa sababu kile kiwiko chenye kioo ndani hakijawekwa, na okulari imechomekwa moja kwa moja kwenye bomba. Mwili wa darubini umekatwa kwa hesabu ya kuwa na kiwiko. Sababu ya pili ni kuunganisha kila kilichomo ndani ya boksi kwa pamoja: lenzi ya Barlow, ile inayozidisha ukuzaji, kisha ile lenzi ya kugeuza picha, kisha okulari. Ya kugeuza picha ni ya kutazamia milima na ndege wa porini; kwa sayari iondoe. Barlow nayo iache ndani ya boksi kwa mwezi wa kwanza.

Picha ni kubwa lakini ni ukungu mtupu

Gawa urefu wa fokasi wa darubini kwa namba ya okulari. 700 kwa 20 ni ukuzaji wa mara 35; 700 kwa 10 ni mara 70; 700 kwa 4 ni mara 175. Boksi linaloahidi mara 525 limechukua hiyo 175 na kuizidisha kwa Barlow ya mara tatu. Hesabu ni sahihi, ila hakuna kitakachoonekana. Kikomo cha kawaida ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita: darubini ya 60 inaishia mara 120, ya 70 mara 140, na hapo hewa iwe imetulia sana. Kwa kutambua sayari, mara 35 hadi 90 zinatosha kabisa.

Wengi hukimbilia okulari ya 4 kwa sababu Mshtarii inaonekana ndogo. Lakini ikiwa karibu nasi, kwa ukuzaji wa mara 40 tu, Mshtarii ina upana ule ule wa Mwezi mpevu kwa macho matupu. Inaonekana ndogo kwa sababu imezungukwa na weusi, bila mti wala paa la kulinganisha. Kaa na picha hiyo dakika tano. Jicho linajifunza, na mikanda miwili ya hudhurungi inajitokeza yenyewe.

Programu ya simu inaniambia sayari iko hapa, na hapa hakuna kitu

Hili linatupata sana huku, na chanzo chake cha kwanza ni saa. Kongo ina kanda mbili za saa: Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa, Lubumbashi UTC+2. Simu ikiwa imewekwa kwenye ukanda wa Kinshasa, na wewe ukasogeza saa kwa mkono ili ilingane na ya hapa, programu ya ramani ya anga kama Stellarium itaamini kwamba saa moja zaidi imeshapita. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Kwa hiyo sayari ya kweli itakuwa imebaki nyuma, upande wa mashariki wa pale simu inapoonyesha, kwa umbali wa ngumi moja na nusu ukinyoosha mkono. Chagua ukanda wa Lubumbashi kwenye mipangilio ya simu, kisha uiache saa ijirekebishe yenyewe. Kwenye programu nayo thibitisha mahali: Lubumbashi iko digrii 11.7 kusini, 27.5 mashariki.

Chanzo cha pili ni dira ya simu. Geti la chuma, mabati, gari na hata miguu ya darubini huivuta. Sogea hatua kumi, zungusha simu hewani kama unaandika namba 8, halafu jaribu tena.

Sijui kama ni nyota au sayari

Kabla ya kuweka jicho kwenye lenzi, uliza kitu hicho kiko wapi. Sayari hazitangitangi angani kote. Zinapita karibu na njia ya Jua na Mwezi. Kwa Lubumbashi njia hiyo inapanda juu sana. Sayari inachomoza ndani ya ngumi mbili na nusu hadi tatu, kushoto au kulia ya mashariki kamili, inapita karibu na utosi, ikiinamia kaskazini au kusini kidogo, na upande wa kaskazini inaweza kuinama zaidi, na inatua magharibi kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo chochote kinachong'aa kusini kamili, katikati ya upeo na utosi, kifute kwenye orodha. Suheli iko huko, nayo ni nyota ya pili kwa kung'aa katika anga yote ya usiku. Alfa ya Kentauri na Msalaba wa Kusini viko huko. Suheli imedanganya watu wengi kwa sababu haimetimeti sana ikiwa juu.

Sirius inadanganya zaidi, maana inapita karibu na utosi na ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote. Lakini inatupa rangi rangi, bluu, nyekundu, nyeupe, hasa ikiwa chini, na kwenye fokasi haiachi kuwa nukta.

Rangi peke yake isikupe jina. Antares, ambayo jioni za Juni na Julai iko juu, ni nyekundu, na jina lake la Kigiriki linamaanisha mpinzani wa Mirihi. Aldebaran ni ya rangi ya chungwa, na utaijua kwa sababu Kilimia iko umbali wa ngumi moja na nusu kutoka kwake. Kisha kuna moshi. Kiangazi, moto wa porini na makala ya mbabula za jioni hufunika upeo, na kila kinachotua ndani ya moshi huo kinakuwa chekundu, Mshtarii ikiwemo. Subiri kitu kiwe juu zaidi ya ngumi tatu kutoka upeo ndipo usome rangi yake.

Taa nyeupe kali inayosimama kimya dakika mbili tatu bila kusogea, halafu ghafla ikagawanyika kuwa taa tatu, ni ndege inayokuja kutua Luano.

Nina kidonge chenye kingo. Sasa ni sayari gani?

*Mshtarii.* Tafuta nukta ndogo zilizojipanga mstari mmoja pande zake: Io, Europa, Ganimede na Kalisto, zile alizoziona Galileo Januari 1610. Ukiona tatu au mbili, usishtuke. Nyingine imepita mbele au nyuma ya sayari. Uthibitisho ni mstari wenyewe, pamoja na mabadiliko: chora saa mbili usiku, chora tena saa tano, na Io itakuwa imesogea waziwazi. Nyota za kawaida zilizo jirani hazipangi mstari wala hazibadili nafasi kati yao. Mshtarii inafika mkabala na Jua, yaani inawaka usiku kucha, tarehe 10 Februari 2027. Ni katikati ya mvua, hivyo chukua kila pengo la mawingu; lakini mwezi wa Mei, mbingu zikishafunguka, bado itakuwa kubwa na juu jioni.

*Zohali.* Kwa ukuzaji wa mara 35 inaonekana kama punje ya mchele iliyolala, ya rangi ya siagi. Kwa mara 70 pete inaachana na mpira wake. Tatizo la miaka hii ni kwamba watu wanaona mpira wenye mstari mwembamba, kisha wanalaumu darubini. Darubini haina kosa: Machi 2025 pete zilielekeza ukingo wake kwetu, zikawa nyembamba kama wembe, na tangu hapo zinafunguka pole pole hadi zitakapokuwa wazi kabisa karibu mwaka 2032. Nukta moja hafifu iliyo mbali kidogo na pete huenda ikawa Titani. Darubini ya milimita 70 inaifikia. Zohali itakuwa mkabala na Jua tarehe 4 Oktoba 2026.

*Zuhura.* Ukiona kimwezi cheupe kisicho na doa, chenye umbo la nusu au la hilali, ni Zuhura. Mwanga wake unachoma jicho usiku ukiwa mweusi. Itazame mapema, anga ikiwa bado na buluu, umbo litakatika vizuri. Haionekani kamwe usiku wa manane, kwa kuwa haiachani na Jua zaidi ya digrii 47. Zebaki ni vivyo hivyo, ila haizidi digrii 28, hivyo una muda mfupi tu baada ya machweo au kabla ya macheo. Kwa hizi mbili sheria ni moja na haina msamaha: usiguse darubini mpaka Jua liwe limezama lote, na kwa alfajiri iache kabla halijachomoza. Jua ndani ya lenzi linapofusha jicho kwa mara moja. Kama boksi lako lina kichujio cheusi cha kufungwa kwenye okulari kwa ajili ya kutazama Jua, kivunje ukitupe. Joto hukipasua ukiwa umeweka jicho.

*Mirihi.* Hii ndiyo inayovunja watu moyo. Inatukaribia kila baada ya miezi 26 hivi, na mara inayofuata ni 19 Februari 2027. Wiki chache kabla na baada ya hapo ni kidonge kidogo cha rangi ya chungwa. Miezi mingine ni ndogo kiasi kwamba kwa mara 70 huwezi kuitofautisha na nyota kwa umbo. Hapo tumia mahali: iandike nafasi yake kati ya nyota jirani, rudi baada ya siku tano. Iliyosogea ni Mirihi.

Uranusi na Neptuni ziache kwanza.

Picha inachemka kama maji ya bukari

Hewa. Ukitazama juu ya paa la mabati lililopigwa na Jua mchana, au juu ya mbabula ya jirani, joto linalopanda linaikunja picha. Katika mitaa iliyobanana kama Katuba huwezi kukwepa mapaa, ila unaweza kungoja: baada ya saa nne usiku mabati yamepoa. Simama juu ya udongo au majani, si juu ya saruji. Darubini nayo ina joto lake. Juni na Julai usiku huku ni baridi kweli, na bomba lililotoka sebuleni linahitaji nusu saa nje. La kioo cha milimita 114 lipe dakika 40. Ukitazama upesi utaona miale inayotambaa upande mmoja wa sayari, ukadhani ni mkia.

Rangi za ajabu pembeni

Utandu wa zambarau kuzunguka Zuhura au Mshtarii, pande zote sawa, ni tabia ya darubini ya lenzi. Haitengenezeki na haina madhara. Ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani au buluu upande mwingine ni hewa inayotawanya mwanga, kwa kuwa sayari iko chini, ngoja ipande. Miale minne kama msalaba ni vishikizo vya kioo kidogo ndani ya darubini ya vioo. Miale isiyo na mpangilio: inamisha kichwa. Ikizunguka pamoja na kichwa, inatoka kwenye jicho lako. Isipozunguka, angalia alama ya kidole au vumbi jekundu kwenye okulari. Lipulizie vumbi kwa pampu ya mpira, usilifute na shati, chembe zake zinachuna lenzi.

Nukta hafifu inayokimbia upande wa pili kila unaposogeza darubini, sayari ikienda kulia yenyewe kushoto, ni mwakisiko ndani ya okulari. Si mwezi.

Nikibadilisha okulari, sayari imepotea

Haikupotea, imeondoka. Kwa mara 70 sayari inavuka picha nzima kwa chini ya dakika tatu. Kwa mara 175 ni kama dakika moja. Iweke kwenye ukingo wa mashariki wa picha, kwa okulari ya 20, kisha badilisha haraka, mkono ukiwa mwepesi. Miguu ya stendi usiirefushe yote. Keti kwenye kigoda, na ning'iniza mfuko wa mchanga wa kilo tatu au nne katikati ya miguu. Gonga bomba kwa kidole: mtetemo ukipita sekunde tatu, kuna skrubu iliyolegea.

Mwenye stendi ya mhimili ulioinama atasoma kwenye karatasi ya maelekezo kwamba aelekeze mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Kutoka hapa nyota hiyo haionekani kabisa. Elekeza kusini, inua mhimili digrii 12 tu. Uzito wa kusawazisha ukigonga mguu wa stendi, zungusha stendi hadi nafasi iliyo kati ya miguu miwili ielekee kusini.

Na sayari ikiwa utosini kabisa, bomba linagonga miguu na shingo inauma bure. Ngoja saa moja na nusu, itakuwa imeshuka magharibi zaidi ya ngumi mbili.

Bado nina shaka

Chora duara la sentimita 6 kwenye daftari. Hilo ndilo duara la okulari. Weka sayari katikati, kila nukta mahali pake, andika tarehe, saa na okulari uliyotumia. Weka mshale kuonyesha upande ambao vitu vinatoka nje ya picha ukiacha darubini bila kuigusa: huko ni magharibi. Bila mshale huo mchoro haufai kulinganishwa, kwa sababu kiwiko kinageuza kushoto kuwa kulia, na darubini ya vioo inapindua picha yote juu chini. Kesho yake, saa ile ile, chora tena ukurasa wa pili, uweke karatasi mbili kando kwa kando chini ya taa.